Saa ya NCAA Huanza Kugonga Iten

Desemba 2024, jaji wa mahakama ya shirikisho mjini Nashville alimruhusu Diego Pavia, kwotabeki wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo kikuu cha Vanderbilt, kucheza mwaka mmoja zaidi ya ile aliyohesabiwa. Tangu hapo habari za michezo ya vyuo vya Marekani zinazotufikia huku zimekuwa za pesa tu. Juni 6, 2025 Jaji Claudia Wilken akaidhinisha makubaliano ya kesi ya House, iliyofunguliwa na wachezaji dhidi ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo hivyo. Makubaliano hayo yanaruhusu kila chuo kuwagawia wachezaji wake hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, huku wachezaji wa zamani wakipangiwa fidia ya karibu dola bilioni 2.8. Kaa kwenye kibanda cha chai mjini Iten saa tatu asubuhi, vijana wametoka mbio ndefu na matope yangali kwenye soksi, utasikia hesabu hizo zikipigwa kwa shilingi. Siku hizi chuo kule ni kazi, wanasema. Kikwazo ni nauli tu.

Nauli si kikwazo kikubwa. Na Pavia hakwenda mahakamani kudai mshahara. Alikwenda kudai mwaka, kwa kuwa bila mwaka hakuna cha kulipwa. Vita vinavyoendelea kule, chini ya kelele zote za mabilioni, ni vya muda: mchezaji ana misimu mingapi, inahesabiwa kuanzia lini, na ni nani ameshika saa. Mkimbiaji wa Kenya au Uganda anayefuatilia pesa na kuisahau saa atafika akiwa na miguu mizuri na misimu miwili. Haki ya kuvaa fulana ya chuo cha Marekani hupotelea hapa nyumbani kuliko inavyopotelea darasani kule. Hupotelea kwenye droo ya mwalimu mkuu, kwenye mbio za barabarani za Jumapili, na kwenye ushauri wa wakubwa wanaosema ngoja kwanza ukomae.

Tuanze na mitambo yenyewe inavyofanya kazi. NCAA, chombo kilichoundwa 1906 na chenye makao yake Indianapolis, kimezoea kumpa mchezaji wa Divisheni ya Kwanza, daraja lake la juu kabisa, misimu 4 ya kushindana ndani ya miaka 5. Miaka hiyo 5 huanza siku anapojisajili kuwa mwanafunzi kamili katika chuo chochote, kiwe cha kule au cha kwao. Kijana anayeingia chuo kikuu cha hapa Kenya ili asikae bure akingoja viza, ameshabonyeza saa bila kujua. Ukiumia goti, saa inakwenda. Ukikaa msimu mzima bila kushindana unauokoa msimu, lakini mwaka umekwenda. Wanaosimamishiwa saa ni wachache na wametajwa kwa majina ya shughuli zao: aliye jeshini, aliye kwenye utume rasmi wa kanisa, anayefanya kazi ya misaada ya serikali ya Marekani ng'ambo. Liweke hilo la utume wa kanisa akilini, tutalirudia.

Kisha yako masomo. Kuingia Divisheni ya Kwanza kunadai masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani wa 2.3 kwa kipimo cha Marekani cha hadi 4.0. Mitihani ya SAT na ACT iliondolewa kwenye masharti hayo mwaka 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuidai. Ukishaingia, lazima uwe na krediti 12, yaani vipimo vya uzito wa masomo, kila muhula, ufaulu angalau 6, na kabla ya mwaka wa pili uwe umefikisha 24. Baada ya hapo hesabu huwa za asilimia: kabla ya mwaka wa tatu uwe umemaliza asilimia 40 ya digrii yako, kabla ya wa nne 60, kabla ya wa tano 80. Hapo kwenye asilimia ndipo penye mtego ambao kocha hautaji anapokupigia simu. Zinazohesabiwa ni krediti za digrii uliyoichagua. Msichana aliyeanza biashara kisha mwaka wa pili akagundua kwamba moyo wake uko kwenye uuguzi, anahamia kozi ambayo nusu ya masomo aliyofaulu haiyajui. Alikuwa na asilimia 42, sasa ana 20 na kitu. Hakufeli hata somo moja, na bado hawezi kukimbia. Ndiyo maana katika timu nyingi utakuta wakimbiaji wamejazana kwenye kozi moja au mbili. Ukiwauliza watasema wanaipenda. Wengine kweli wanaipenda. Wengine walipelekwa huko na ratiba, kwa sababu maabara za sayansi huwa mchana na mazoezi huwa mchana.

Kwa mgeni kuna kufuli la pili juu ya hilo la kwanza. Viza ya mwanafunzi, F-1, nayo inadai masomo ya kutwa, yaani krediti zilezile 12 kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, na kati ya hizo ni kozi moja tu, au krediti 3, inayoweza kuwa ya mtandaoni. Mmarekani aliyeelemewa na safari za mashindano atachukua masomo mawili ya mtandaoni na kuyasomea kwenye basi. Mkenya aliyekaa kiti cha pili katika basi hilohilo hawezi. Akiacha somo moja katikati ya muhula bila ruhusa, anaweza kupoteza timu na haki ya kuwa nchini kwa siku moja. Zile pesa za matangazo ambazo wachezaji waliruhusiwa kuzichukua tangu Julai 2021 nazo hawezi kuzigusa kwa urahisi, kwa kuwa viza hiyo inabana kazi za nje ya masomo. Kwa hiyo anayewaambia vijana kwamba chuo sasa ni kazi, ajue kwamba kwa mwenye F-1 neno kazi lina polisi wake.

Wapo wanaotetea mfumo huu kwa hoja moja ya zamani: kanuni za masomo zipo ili kumlinda mchezaji, asitumiwe kisha akatupwa bila elimu. Hoja hii ilikuwa na damu ndani yake wakati fulani. Kevin Ross alicheza mpira wa kikapu chuo cha Creighton miaka 4, hadi 1982, na akatoka hajui kusoma ipasavyo. Alikwenda kujifunza upya katika shule moja ya Chicago, akikaa darasani na watoto. Mwaka 1983 vyuo vikapitisha kanuni iliyoitwa Pendekezo la 48, ya kuweka kiwango cha chini cha alama na mtihani kwa anayetaka kucheza mwaka wa kwanza. Nia ilikuwa njema. Lakini ukifanya darasa kuwa tiketi ya uwanjani, atatokea wa kuchapisha tiketi.

Na Kiswahili chetu kimo ndani ya kisa hicho, si kwa sifa. Katika chuo kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, kati ya 1993 na 2011, wanafunzi zaidi ya 3,100 walisajiliwa katika madarasa ya idara ya masomo ya Kiafrika ambayo hayakuwa na vipindi wala mhadhiri. Uliandika insha moja, ukaipeleka, ukapewa alama ya juu. Ripoti ya uchunguzi ya Kenneth Wainstein, iliyotolewa Oktoba 2014, ilionyesha kwamba karibu nusu ya wanafunzi hao walikuwa wanamichezo na kwamba aliyekuwa akisahihisha insha nyingi ni karani wa ofisi. Miongoni mwa madarasa hayo yalikuwemo ya Kiswahili cha kiwango cha kati. Badala ya kujifunza lugha, mwanafunzi aliandika kwa Kiingereza kuhusu utamaduni wa Waswahili. Insha ya mchezaji mmoja wa futiboli iliingia kortini mwaka 2011 kama kielelezo katika kesi aliyoifungua mwenyewe kudai haki yake ya kucheza. Mashabiki wa timu pinzani wakaisoma usiku, wakakuta vipande vizima vimenakiliwa kutoka vitabu vya watu. Kijana huyo alikuwa na alama ya Kiswahili kwenye karatasi zake na sidhani angeweza kuagiza chai Mombasa. Oktoba 2017 NCAA ikatangaza kwamba haiwezi kukiadhibu chuo kwa madarasa hayo, kwa kuwa yalikuwa wazi kwa wanafunzi wote, si wanamichezo pekee. Basi mtu akiniambia kwamba haki ya kucheza ni kipimo cha elimu, namkumbusha Chapel Hill. Masomo ni sharti la kweli, nalo huwaangusha watu kweli, lakini chuo kikubwa chenye haja na mchezaji kina njia mia za kumsaidia alivuke. Kuhusu muda hakina njia. Hakuna mwalimu wa ziada anayeweza kukurudishia mwaka 2023.

Hapo ndipo nafika kwenye kanuni iliyo muhimu kuliko zote kwetu, ambayo sijawahi kuisikia ikitajwa redioni hata mara moja. Kwa kanuni za Divisheni ya Kwanza kama zilivyotumika kwa miaka mingi, mkimbiaji anayemaliza sekondari hupewa mwaka 1 wa kujipanga. Mwaka huo ukipita hajajiunga na chuo, kila mwaka mwingine anaoshiriki mashindano rasmi unamla msimu mmoja kati ya ile 4, na akifika atakaa mwaka mzima wa kwanza bila kushindana. Sasa neno rasmi. Sisi tukisikia mashindano rasmi tunawaza uwanja wa Nyayo, namba kifuani, maafisa wa Athletics Kenya wenye kofia. NCAA haiwazi hivyo. Inatosha mbio ziwe zimetangazwa mapema. Inatosha awepo mtu wa kushika saa, au matokeo yawe yameandikwa, au kuwe na zawadi. Sifa moja tu kati ya hizo inatosha.

Nilimsindikiza kijana wa jirani yetu kwenye saiba moja mjini Eldoret kujaza fomu za NCAA za kuthibitisha sifa zake. Alikuwa na miaka mitatu tangu amalize kidato cha nne, na kocha wa chuo kimoja alishamwandikia kwenye WhatsApp kwamba nafasi ipo. Fomu ikamtaka aorodheshe kila shindano aliloshiriki tangu atoke shule. Akaandika mbio za nyika za kaunti. Akaandika mbio mbili za barabarani. Kisha akasita, kidole juu ya kibodi, akanigeukia. "Mzee, na zile kilomita kumi za kanisa, pia niandike?" Alikuwa wa pili siku ile, akapewa shilingi 3,000 na blanketi. Blanketi lenyewe nalijua, mama yake huwafunika nalo wageni. Tulipomaliza kuhesabu, misimu yake 4 ilikuwa imebaki 2, na mwaka wa kwanza angekaa anatazama. Kocha alipoona hesabu hiyo aliacha kujibu. Nani angemlaumu? Baada ya makubaliano ya House, vyuo vilivyoingia katika mpango huo vina kikomo cha wakimbiaji 17 katika timu ya nyika, na nafasi ya 17 haipewi mtu wa misimu miwili kama yupo wa misimu minne.

Zile shilingi 3,000 nazo ni hadithi nyingine. Vitabu vya NCAA vimekuwa na kifungu kinachosema waziwazi kwamba mbio za barabarani ni sawasawa na nyika na uwanjani, kwa hiyo anayelipwa barabarani ameharibu sifa zake katika hiyo mingine. Kabla ya kujiunga na chuo, zawadi iliruhusiwa isizidi gharama halisi za kushiriki. Mcheza tenisi Reese Brantmeier aliishtaki NCAA mwaka 2024 kwa sababu ya kanuni za namna hii, baada ya kulazimika kuacha sehemu kubwa ya dola alizoshinda US Open. Kesi yake ina ukweli mchungu: chombo kinachokubali kwotabeki alipwe mamilioni hakina uso wa kumuuliza mtoto wa mkulima kuhusu blanketi. Lakini sheria isiyo na uso bado ni sheria mpaka ifutwe, na anayeijaza fomu ni wewe.

Wengi huku wanaamini kwamba mgongano huu wa umri na wageni ni wa jana. Ni mzee kuliko makocha wengi wanaokuja Iten leo. Mwaka 1971 timu ya soka ya chuo kikuu cha Howard, chuo cha Weusi mjini Washington, ilitwaa ubingwa wa NCAA ikiwa na wachezaji wengi kutoka Afrika na Karibiani. NCAA ikaupokonya ubingwa huo. Moja ya kanuni zilizotumika ilisema kwamba mwanafunzi mgeni aliyeshindana kwao baada ya kutimiza miaka 19 atahesabiwa mwaka mmoja wa kucheza kwa kila mwaka huo. Mmarekani hakuguswa na kanuni hiyo. Howard wakaenda mahakamani, na mwaka 1975 mahakama ya rufaa ya Washington ikathibitisha kwamba kanuni hiyo ni batili kwa kuwa iliwabagua wageni, ingawa kombe halikurudi kwa sababu makosa mengine yalibaki. Mlango ukafunguka. Mwaka uliofuata Henry Rono, Mnandi wa miaka 24, alikuwa mkimbiaji wa chuo kikuu cha Washington State na akashinda ubingwa wa nyika wa vyuo. Mwaka 1978, akiwa bado mwanafunzi, alivunja rekodi 4 za dunia katika siku 81. Katika chuo kikuu cha Texas kilichoko El Paso, Mtanzania Suleiman Nyambui alikuwa akifua dafu kwa kasi ileile. Mwaka 1980 alichukua medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow majira ya joto, na ubingwa wa nyika wa NCAA majira ya kupukutika. Alikuwa na miaka 27.

NCAA haikukaa kimya. Mwaka huohuo wa 1980 ikaleta kanuni mpya, safari hii bila neno mgeni ndani yake: yeyote aliyeshindana baada ya kutimiza miaka 20 kabla ya kuingia chuo, ahesabiwe msimu kwa kila mwaka. Yeyote. Mcheza hoki wa Kanada na wengineo wakaishtaki NCAA, na safari hii mahakama zikaikubali, maana maneno yake yalikuwa ya wote. Kanuni ya leo ya mwaka mmoja wa kujipanga ni mjukuu wake. Nalitaja hili kwa sababu sasa hivi, katika purukushani iliyoanzishwa na kesi kama ya Pavia, pendekezo linalozungumzwa sana ni la kufuta misimu 4 ndani ya miaka 5 na kuweka miaka 5 mitupu ya kucheza, saa ikianza mtu anapomaliza sekondari au anapofikia umri uliowekwa, lolote litakalotangulia. Magazeti ya kule yanaliita zawadi, na kwa mtoto wa Ohio aliyemaliza shule akiwa na miaka 18 ni zawadi kweli, msimu mzima wa bure. Kwa mtoto wa Marakwet aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 8 kwa sababu shule ilikuwa mbali, akarudia darasa la saba, akakaa nyumbani muhula mzima kwa ajili ya karo, umri unaweza kumwanzishia saa akiwa bado amevaa sare ya shule. Hakuna neno mgeni ndani yake. Ni lilelile la 1980 limevaa shati jingine.

Wanaotaka saa ya umri wana hoja, na nitaitoa kwa uzito wake. Michezo ya vyuo ni ya vijana. Mtu wa miaka 25 aliyeshindana na watu wazima miaka mitano akisimama kwenye mstari mmoja na mtoto wa miaka 18, yule mtoto hajapewa nafasi ya haki. Na kila mwaka ambao mkubwa anabaki, mdogo mmoja anakosa nafasi, jambo linalouma zaidi sasa timu zilipowekewa vikomo. Mahakama za Marekani zenyewe zimegawanyika. Nashville walimpa Pavia mwaka wake kwa hoja kwamba miaka aliyocheza katika chuo kidogo cha miaka miwili isimhesabie, lakini Julai 2025 mahakama ya rufaa ya Chicago ikamnyima Nyzier Fourqurean wa Wisconsin haki kama hiyo aliyokuwa ameshapewa na mahakama ya chini. Ubingwa wa mahakama badala ya ubingwa wa uwanja si mchezo. Nakubali kwamba kikomo lazima kiwepo.

Ila hoja hii hudhoofika vibaya inapohama kutoka kwa kikomo na kuwa Wakenya hushinda kwa sababu ni watu wazima. Edward Cheserek alikwenda Marekani kijana, akasoma sekondari Newark, New Jersey, na katika chuo cha Oregon akashinda mataji 17 ya NCAA. Hakuwa na mwaka hata mmoja wa ziada. Sally Kipyego alipitia chuo kidogo cha South Plains, Texas, kabla ya Texas Tech, akatwaa mataji 9, na medali yake ya fedha ya Olimpiki ilikuja baadaye, London 2012, alipokuwa amekomaa hasa. Upande wa pili, tazama chuo cha Brigham Young, cha Wamormoni, mabingwa wa nyika wa wanaume na wanawake mwaka 2024. Vijana wengi wa pale huondoka miaka miwili kwa utume wa kanisa na saa yao husimama. Wanarudi, wanamaliza chuo wakiwa na miaka 24 au 25, na hakuna anayelia. Utetezi wao ni kwamba aliye kwenye utume hashindani, naye hajinoi. Sawa, ni tofauti ya kweli. Lakini mwili wa miaka 24 ni mwili wa miaka 24, na kama kinachotupa hofu ni mtoto wa miaka 18 kushindana na mtu mzima, basi utume haupunguzi ndevu. Kama misamaha hiyo itabaki ndani ya saa mpya ya umri, tutakuwa tumeelewana kwamba tatizo halikuwa umri.

Hayo ya kule tunaweza kuyalalamikia, hatuwezi kuyapigia kura. Ya hapa tunaweza. Mtahiniwa wa KCSE anaandika karatasi ya mwisho Novemba, matokeo yanatoka karibu na Januari, na kuanzia hapo mwaka wake mmoja unameguka. Pasipoti. Barua za shule zenye mhuri. Mtihani wa Kiingereza. Mahojiano ya viza ubalozini Gigiri. Vyote hivyo vinawezekana ndani ya mwaka kama cheti kipo mkononi. Mara nyingi hakipo. Kiko shuleni kwa sababu ya salio la karo, ingawa sheria hairuhusu shule kukishikilia, na wizara imelirudia hilo kwa maagizo zaidi ya mara moja. Kijana wa jirani yetu alidaiwa pungufu ya shilingi 20,000, naye alikwenda kwenye ofisi ile mara nne. Zile mbio za barabarani zilizomla misimu alizikimbia kutafuta hela za kulipa salio hilo. Ukilitazama vizuri, shule ilimtuma akavunje sifa zake ili apate cheti cha kuthibitisha sifa zake.

Ushauri mbaya nao unatoka kwa watu wanaompenda. Makocha wetu wengi walilelewa katika dunia ya mameneja na mbio za Ulaya, ambako kukomaa kwanza ni busara. Ukienda Berlin ukiwa na miaka 25 hakuna aliyepoteza kitu. Basi humwambia kijana akae kambini miaka miwili, ashuke chini ya dakika 28 katika kilomita kumi, vyuo vitamfuata vyenyewe. Kweli vitamfuata, kisha vitaifungua fomu. Wengine humwambia asiandike zile mbio ndogo, nani atajua. Matokeo ya mbio za mtaani yamo kwenye Facebook yakiwa na picha, na chuo kikigundua katikati ya msimu hakuna anayebaki na medali, wala yeye wala wenzake. Wapo pia wanaopunguza umri kwenye cheti cha kuzaliwa, ugonjwa tulionao tangu zamani katika mbio za vijana. Saa ikihamia kwenye umri, kishawishi hicho kitapanda bei, na nina wasiwasi na ofisi zetu za usajili kuliko nilivyo na wasiwasi na Indianapolis.

Kuna anayeniuliza kwa nini kijana abebe mzigo wote huu. Polisi na jeshi hapa huwachukua wakimbiaji, mshahara unaingia kila mwezi, pensheni ipo, mazoezi yapo. Mbio moja nzuri ya barabarani inajenga nyumba. Na wazazi wa Uasin Gishu, waliolipia watoto wao mpango wa masomo wa Finland na kuachwa mikono mitupu, hawahitaji kuelezwa mara ya pili kuhusu safari za ng'ambo. Mtanzania ana ugumu wake zaidi, kwani tangazo la Ikulu ya Marekani la Desemba 2025 liliiingiza nchi yake miongoni mwa zile zilizobanwa hata viza za masomo. Nyambui wa leo asingefika El Paso. Swali hili nalichukua kwa uzito kuliko yale ya kule, na sina ugomvi na anayechagua polisi. Ugomvi wangu ni na wale waliomfanya achague bila kujua kwamba anachagua. Aliyekimbia kilomita kumi za kanisa miezi kumi na minane baada ya shule alifunga mlango, na hapakuwa na mtu pale kanisani aliyejua kwamba kuna mlango. Athletics Kenya ina matawi sehemu mbalimbali za nchi na hufika kwenye mashindano ya shule kila mwaka. Karatasi moja yenye tarehe tatu, ya kumaliza mtihani, ya mwaka kuisha na ya chuo kufungua, ingeokoa misimu mingi kuliko kambi yoyote. Na walimu wakuu watoe vyeti.

Kijana wetu hatimaye alipata njia ya pembeni. Alichukuliwa na chuo cha miaka miwili, vile wanavyoviita JUCO, ambavyo viko chini ya chombo kingine chenye kanuni zake. Amekimbia msimu mmoja huko na anafanya vizuri darasani. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe wa sauti saa nane za usiku, kwao ikiwa jioni, upepo ukivuma kwenye simu. Amesikia wenzake wakisema kwamba kwa sababu ya Pavia mwaka wa JUCO haumli mtu tena, je, ni kweli? Nilijaribu kumweleza kuhusu Nashville na Chicago, kwamba ruhusa ambayo NCAA iliitoa baada ya hukumu ile ilikuwa ya waliokuwa wanamaliza, kwa mwaka wa 2025-26. Akanikatiza kwa ujumbe wa pili, mfupi. "Mzee, huu wangu unahesabiwa ama hauhesabiwi?" Nikamwambia achukulie kwamba unahesabiwa.